Aliyeomba Kupita

Kwa miaka ishirini na tisa Laurean Rutaihwa alipita katika ardhi ya Eddie, na hakupita hata siku moja bila kuomba.

Uchochoro ulianzia nyuma ya nyumba yake, ukafuata ukuta wa matofali, ukaingia kwenye kitalu cha Eddie kati ya vibanda vya vioo alimooteshea nyanya na maua, kisha ukatokea upande wa pili karibu na kanisa. Alipofika kwenye kitalu Laurean alisimama, akavua kofia, akapaza sauti: "Naomba kupita, Eddie." Kutoka ndani ya vioo, katika ile harufu kali ya majani ya nyanya, sauti ilimjibu: "Pita, Laurie, pita." Hapo ndipo aliponyanyua mguu. Ziko siku Eddie alichelewa kujibu, ameinama huko ndani na mche mkononi, na masikio nayo yamezeeka. Laurean alisubiri. Mvua ikimnyeshea, alisubiri.

Ndivyo alivyolelewa. Kwao Kamachumu, mkoani Kagera, nyumba hukaa katikati ya migomba, na njia ya kwenda kisimani au kanisani hupita ndani ya kibanja cha mtu, hatua tano kutoka mlangoni mwake. Njia ni ya wote, ila migomba ina mwenyewe. Kwa hiyo mpitaji husema. Anayepita kimya ama ni mwizi wa ndizi ama ni mchawi, na wote wawili walikuwa na dawa yao. Laurean alipokuwa na miaka saba alikatiza kibanja cha jirani bila neno, na habari ikamtangulia nyumbani. Baba yake hakumchapa. Alimrudisha kwa yule jirani, akamwamuru apite upya, kwa sauti, watu wote wakitazama. "Mungu amekupa mdomo," alimwambia, "usiutumie kwa kula tu."

Leo hata huko Kamachumu, wanasema, vijana hukatiza vibanja vya watu kwa pikipiki, na honi ndiyo hodi yao. Adabu haikufa siku moja. Ilinyauka kama mgomba, jani moja moja, na kila jani lilipoanguka tuliambiwa ni maendeleo.

Laurean alifika Uingereza mwaka 1978 kusomea mambo ya ushirika. Vita vya Kagera vikazuka nyuma yake, fedha za masomo zikakatika, akaosha vyombo, akafagia vituo vya treni, na mwaka 1983 akaingia posta. Posta ya siku zile ilikuwa kazi ya mtu mzima. Postmani hakuwa mtu wa kutupa bahasha na kukimbia kama anayefukuzwa na nyuki. Alijua nyumba yenye mbwa mkali na nyumba yenye mgonjwa. Alijua bibi ambaye chupa ya maziwa ikikaa mlangoni hadi saa nne, lazima mtu agonge. Katika ule mtaa wa nyumba pacha, vituo viwili vya treni ng'ambo ya Harrow, Laurean alibeba barua miaka ishirini na tisa, na njia zote za miguu za pale zilikuwa ndani ya viatu vyake. Alipostaafu mwaka 2012 hakuna aliyemwuliza anajua nini. Walimpa saa ya ukutani.

Mkewe, Generosa, alikuwa muuguzi wa zamu za wodi, mwanamke wa maneno machache na mkono mwepesi wa sindano. Alipofika miaka sitini na tano akapatwa na presha ya macho, ugonjwa uleule ambao kwa miaka mingi alikuwa akiwadondoshea wengine dawa yake. Kwanza alipoteza pembeni, akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Halafu lile tundu nalo likaanza kuziba.

Lakini alikuwa na uchochoro. Kutoka lango la nyuma hadi mlango wa kanisa ni hatua mia tatu na kumi na mbili. Mkono wake wa kushoto uligusa matofali, fimbo nyeupe ikagonga mbele. Kwenye hatua ya mia na arobaini harufu ya nyanya ilimwambia amefika kwa Eddie, na hakuhitaji kuomba, kwa kuwa Eddie alipoisikia fimbo tu aliita mwenyewe: "Pita, Jenny!" Kisha kokoto chini ya miguu, kisha vyuma vya ua wa kanisa. Hakuna gari, hakuna baiskeli. Kila asubuhi alikwenda Misa ya saa tatu na nusu peke yake, akarudi peke yake. Kwenye hatua zile hakuwa mgonjwa wa mtu yeyote.

Eddie alikufa majira ya vuli mwaka 2020. Mpwa wake, aliyekuwa akiishi mbali na hakujua tofauti ya nyanya na bilinganya, aliuza kitalu kwa wajenzi. Mwezi wa nne uliofuata vikaja vyuma na mbao. Asubuhi moja Generosa alifika hatua ya mia na thelathini na nane, fimbo yake ikagonga uzio.

Alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti cha jikoni na koti lake mwilini.

"Wamefunga," alisema.

"Nani amefunga?"

"Sijui, Baba Vaileth. Fimbo haisomi mabango."

Tangu siku hiyo ilibidi aende kwa barabara kuu, kwa kushikwa mkono. Huko kuna vivuko viwili, mabasi, na baiskeli za umeme zinazokuja kimya kama nyoka. Mara tatu alikwenda. Mara ya nne akasema Mungu yupo hata jikoni. Binti yao, Vaileth, akapiga simu kutoka ghorofani kwake Thamesmead, upande wa pili wa jiji, akisikiliza kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza kama kawaida ya waliozaliwa huku, kwamba afadhali wauze nyumba wahamie kwake. Kule kuna lifti, alisema, na mama atakuwa na mtu wa kumshika.

"Nikae nimeshikwa mpaka lini?" Generosa aliuliza simu ilipokatwa. Laurean alilichukua lile swali akatoka nalo.

Wajenzi walisema njia ile haimo katika ramani ya njia za umma, hivyo si njia. Ramani yenyewe iko wapi? Iko kwenye halmashauri ya mtaa. Laurean akaandika barua, kwa mkono, kwa wino, akaipeleka posta mwenyewe: "Naomba kuona ramani yenu ya njia za miguu." Wakamjibu kwamba ramani huonyeshwa ofisini kwa miadi, Jumanne na Alhamisi, ila ofisi imefungwa kwa sababu ya korona.

Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, alimweleza Gires. Huyu alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mtu wa miaka arobaini, mpakiaji mizigo kwenye bohari moja kule Hayes karibu na uwanja wa ndege. Siku zake za mapumziko hakulala. Alitembea vichochoro na simu mkononi, akiviweka kwenye ramani moja ambayo watu wa kujitolea wanaichora pamoja, ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuitazama na kuitumia bila kumlipa yeyote. Laurean alimwona kichaa kidogo, na akampenda kwa hilo.

"Papa Laurean, ile ramani iko," alisema Gires. "Iko ndani ya kompyuta yao, mistari yote. Ni kutoa tu ndiyo hawapendi. Sisi tunaipigania kila kaunsili, moja moja. Wengine wametoa. Hawa wenu wamekalia."

"Wanakalia nini? Si njia za watu?"

"Njia za watu, ndiyo. Lakini orodha ya njia wanaona ni yao."

Basi Laurean akaandika tena. Iko sheria inayomruhusu mtu yeyote kuuliza ofisi ya umma ilichonacho, nayo ofisi ina siku ishirini za kazi kujibu. Siku ya ishirini wakajibu: mistari imechorwa juu ya ramani ya idara nyingine, kwa hiyo leseni hairuhusu kuigawa. Akaandika ya tatu. Mara hii wakamtumia kwa barua pepe picha ya karatasi kuukuu, yenye ukungu, ambayo hata mtu wa macho mazima asingejua lipi ni jina na lipi ni doa la chai.

Gires aliicheka. "Papa umeomba ugali, wamekutumia picha ya ugali. Na wewe pia! Acha kuandika 'naomba, naomba'. Sheria inasema ni haki yako. Andika 'nadai'."

"Sijawahi kudai kitu kwa mtu nisiyemjua."

"Ndiyo maana wanakuzungusha."

Laurean aliendelea na "naomba". Lakini aliomba kama postmani, yaani kila siku ya zamu alikuwa mlangoni. Aliandika barua kumi na moja. Aliandika kwa diwani. Aliandika kwa ofisi ya juu inayosimamia haki ya kupata habari, na humo akaeleza, kwa ukurasa mmoja na nusu, kwamba mke wake anahesabu hatua na sasa hana za kuhesabu. Ofisi ile ikaamua kwamba mistari ni mali ya umma. Alhamisi moja ya mwezi wa pili, mwaka 2022, halmashauri ikaweka faili kwenye tovuti yake, data yote, na chini yake maneno kwamba yeyote anaweza kuichukua na kuitumia apendavyo.

Waliifungua maktaba, Gires kwenye kibodi, Laurean pembeni na miwani mbili, moja puani, nyingine kwenye kipaji cha uso. Njia mia mbili na kumi na nne zikatokea kwenye kioo, mistari myembamba ya zambarau kama mishipa ya mkono wa mzee. Laurean alizitambua zote. Hii ya nyuma ya bwawa, alipoteleza mwaka 1987 barua za kodi zikaelea. Hii ya kwa yule bibi wa chupa za maziwa. Alikuwa akifikiri miguu yake ilizibeba peke yake zile njia, na kwamba siku atakayozikwa zitazikwa naye. Kumbe zilikuwepo, zimefungiwa. Machozi yakamlengalenga, akasingizia miwani.

"Yetu iko wapi?"

Gires akaisogeza ramani. Mstari ulitoka nyuma ya nyumba ya Laurean, ukafuata ukuta, ukafika kwenye kitalu cha Eddie, ukakatika. Upande wa pili ukaanza tena, ukaenda kanisani. Katikati, hatua kama tisini, hakuna kitu.

Mtu aliyeichora, miaka ya hamsini, alifika kwenye lango la baba yake Eddie akaishia hapo. Labda lango lilikuwa limefungwa. Labda hakupiga hodi.

"Usivunjike moyo, Papa," alisema Gires. "Sasa pengo linaonekana. Mtu anaweza kudai pengo."

Njia inayodaiwa ina masharti yake: watu wathibitishe kwa fomu kwamba wameipita miaka ishirini mfululizo kabla haijafungwa. Laurean alirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyeulizwa kitu anachokijua. Alijaza fomu mbili, yake na ya Generosa, akimsomea kila swali. Mara ngapi kwa wiki? Kwa miguu au kwa farasi? Lilipokuja swali kama aliwahi kuomba au kupewa ruhusa na mwenye ardhi, alinyoosha mgongo na kuandika kwa herufi kubwa: NDIYO. KILA SIKU, KWA MIAKA ISHIRINI NA TISA. Kwa Generosa akaandika: MUME WANGU ALITUOMBEA SOTE WAWILI. Aliona huo ndio ushahidi wake bora kuliko wote.

Ofisi zilikuwa zimeshafunguliwa. Afisa wa njia aliitwa Minal, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ambaye bibi yake alitoka Arusha. Alimpokea Laurean vizuri, akazisoma fomu zote mbili hadi mwisho, kisha akaziweka mezani na kuzitazama kana kwamba zimemwagikiwa na kitu.

"Mzee," alisema, na neno hilo tu ndilo lililokuwa la Kiswahili, mengine yote yakafuata kwa Kiingereza. "Ulimwomba ruhusa? Kila siku?"

"Kila siku. Naye alinipa."

"Hapo ndipo tatizo lilipo. Sheria inataka mtu awe amepita kama mwenye haki. Si kwa nguvu, si kwa kujificha, na si kwa ruhusa. Ukiomba ruhusa umekubali kwamba njia si yako. Siwezi kuihesabu fomu hii. Wala hii ya mama."

Nje ya dirisha basi lilipita.

"Kwa hiyo kama ningepita pale kama ng'ombe…"

"Ningekuhesabu."

"Nisipomsalimu mtu kwake."

"Kumsalimu hakuna neno. Kuomba ndiko." Minal alishusha sauti. "Bibi yangu hakuingia hata jikoni kwa mama yangu bila hodi. Naelewa ulichokuwa ukifanya. Lakini fomu haina mahali pa kuelewa." Akazisukuma fomu taratibu kuelekea kwake. "Bado sijazigonga muhuri. Unaweza kwenda nazo."

Laurean akazikunja, akazitia mfukoni mwa koti.

Jioni ile Mahendra alikuja kwa mlango wa jikoni. Nyumba yake na ya Laurean zimeshikana ukuta. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa Bukoba mjini, na yeye mwenyewe aliwahi kuwa na duka la magazeti na mboga upande wa kanisa mpaka goti lilipomkatalia. Watu hawa wawili waligundua miaka thelathini iliyopita, juu ya ua wa bustani, kwamba walikula senene wa soko moja, na tangu hapo hawakuacha kutaniana, wala Mahendra hakuacha kumwita "Ta", yaani bwana kwa Kihaya.

"Ta Laurean, fomu si Biblia," alisema Mahendra akikoroga chai. "Chukua nyingine, andika 'Hapana', kesho asubuhi peleka."

"Eddie alikuwa akijibu."

"Eddie amechomwa, majivu wamemwaga. Nani atakwenda kumwuliza? Wewe Mhaya una shida moja: unataka kwenda mbinguni na risiti."

Laurean hakucheka. Fomu mpya ilikuwa mezani, tupu, na kalamu juu yake. Hatua tisini, neno moja. Amelisema neno gani maisha yake yote lenye thamani hiyo? Alifikiria Thamesmead, lifti, Generosa ameshikwa mkono mpaka lini. Akaichukua kalamu.

Generosa alikuwa akimenya ndizi kwenye sinki, kwa vidole, bila kuangalia.

"Baba Vaileth," alisema, "kila Jumapili nilikuwa nimekushika mkono pale unaposimama. Nilikuwa nasikia. Wewe unaomba, kimya kidogo, halafu yeye anajibu. Tangu macho yafifie, kile kimya ndicho kilichokuwa kinaniambia tuko wapi."

"Najua. Lakini nataka upite tena."

"Na mimi nataka. Lakini ukiandika hukumwomba, nitakuwa nahesabu hatua mia na thelathini na tisa, mia na arobaini, halafu nifike pale nikanyage uongo. Nitapoteza hesabu."

Mahendra aliacha kukoroga. Laurean alirudisha kalamu mezani. Asubuhi alizirudisha fomu zilezile, NDIYO yake ikiwa na herufi kubwa, na Minal akazigonga muhuri na kuziweka kando, upande wa zisizohesabiwa.

Gires aliposikia alishika kichwa kwa mikono miwili, kisha akaenda kufanya alichokijua. Kwenye ile ramani ya bure, palepale mstari unapokatika, alitia alama nyekundu na swali: Umewahi kupita hapa? Akabandika karatasi kwenye nguzo za taa, ili mtu akiielekezea simu ramani ifunguke. Ingekuwa miaka ya nyuma, watu wangesimama wakaulizana. Sasa watu hufungua simu zaidi kuliko wanavyofungua macho, basi wakaliona pengo kwenye simu. Kama data ile ingebaki kabatini, nani angejua kuna pengo?

Wakaanza kujaza fomu, na Laurean alipoyaona majina alihisi uchungu wa aina yake. Walikuwa walewale. Yule mwenye mbwa watatu, ambaye katika miaka ishirini na mitatu hakumtupia Eddie hata neno la hali ya hewa. Yule msichana wa vifaa vya muziki masikioni, sasa ana watoto wawili, nao wana vifaa masikioni. Wale waliokuwa wakipiga mpira kwenye vioo vya Eddie, sasa wana ndevu na mikopo ya nyumba. Jioni ngapi yeye na Eddie walikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa wakiwasema! "Wananipita kama mti," Eddie alikuwa akilalamika. "Mbwa angalau hunusa." Na sasa swali la ruhusa likija, kila mmoja wao aliandika, kwa mkono safi usio na shaka: Hapana. Kamwe. Hata siku moja.

Zikafika fomu thelathini na sita. Ya thelathini na saba ilikuwa ya Mahendra.

Jambo hili lilihitaji ujasiri, kwa sababu lilifufua habari ya nyanya. Mwaka 1996 Eddie aliweka meza langoni na nyanya juu yake kwa nusu ya bei ya dukani kwa Mahendra. Tangu siku hiyo Mahendra alipita kitaluni mara mbili kwa siku, kwenda dukani na kurudi, pua juu, mdomo umefungwa, kwa miaka ishirini na minne. Wala hakuwahi kuchukua njia nyingine, ili Eddie amwone vizuri jinsi asivyomwona.

Laurean alimsindikiza ofisini. Minal akasoma maswali.

"Uliwahi kumwomba mwenye ardhi ruhusa?"

"Yule?" Mahendra alisimama kwa goti lake bovu. "Nimwombe ruhusa yule mwuza nyanya? Afadhali nife!"

"Uliwahi kuzungumza naye?"

"Tangu mwezi wa sita, 1996, hata chafya."

"Ulipita kwa kujificha?"

"Dada, nilipita katikati ya njia ili anione."

Minal aliinamia karatasi muda mrefu, mabega yakimtikisika. "Bwana Mahendra," alisema hatimaye, "katika kazi hii sijapata ushahidi mzuri kama huu."

Nje, kituoni, Laurean alimtazama rafiki yake kwa hasira na mapenzi pamoja. "Nimeomba miaka ishirini na tisa, fomu yangu imetupwa. Wewe umenuna miaka ishirini na minne, kununa kwako kumekuwa ushahidi."

"Nilikuambia siku nyingi, Ta Laurean. Adabu haina soko."

"Umefurahi?"

Mahendra aliinama akasugua goti lake. "Nyanya zake zilikuwa nzuri," alisema. "Daksha wangu alikuwa akizinunua kwa siri, akinipikia. Nilizila miaka yote hiyo nikijifanya sijui."

Uamuzi ulichukua mwaka mmoja na zaidi, kwani ofisi haina mke anayekaa jikoni na koti. Mwezi wa kumi mwaka 2023 njia ikaandikwa kuwa ya umma. Wajenzi wakasogeza uzio, wakaacha ukanda wa mita mbili kati ya nyumba mpya na ukuta, na masika yaliyofuata ikasimamishwa nguzo yenye kibao cha kijani. Vioo havikuwepo tena. Nyanya hazikuwepo. Gires akaziunganisha zile ncha mbili za mstari kwenye ramani yake, akamtumia Laurean picha, akaandika: Papa, imeshonwa.

Asubuhi ya kwanza Generosa alivaa koti. Kwa wakati huo alikuwa anaona mwanga tu, na kivuli cha mtu akisimama karibu.

"Nikusindikize mara hii moja," Laurean alisema langoni.

"Ukinisindikiza leo, utanisindikiza kesho."

"Wamebadilisha chini. Hakuna kokoto. Na harufu hakuna."

"Ukuta upo?"

"Upo."

"Basi." Akatafuta mkono wake, akaufinya, akauachia. Mkono wa kushoto ukagusa matofali, fimbo ikaanza kugonga.

Laurean alibaki langoni na kofia mkononi, akihesabu naye kwa midomo. Njia inapinda kidogo kwenye sabini, kwa hiyo baada ya hapo alibaki na sauti ya fimbo peke yake. Mtu mmoja kijana alimpita, vifaa masikioni, bila kumtazama. Laurean alimtambua: fomu namba ishirini na mbili. "Asante," alimwambia. Kijana hakusikia, akaenda zake.

Mia na thelathini na nane. Mia na thelathini na tisa. Mia na arobaini.

Fimbo ikanyamaza.

Amegonga kitu, amepotea, hakuna harufu ya kumwambia alipo. Mguu mmoja ulikuwa umeshatoka nje ya lango alipomsikia. Katika maisha yake yote Generosa hakuwahi kupaza sauti pale, kwa kuwa alikuwa na wa kumwombea. Sasa ilitoka nyembamba, ya kizee, ila imenyooka:

"Naomba kupita, Eddie."

Hakuna aliyejibu. Nyuma ya uzio mpya mashine ya kufulia ilikuwa ikizunguka. Laurean aliurudisha mguu ndani ya lango, akasubiri pamoja naye, muda uleule aliokuwa akiutumia mzee yule kuweka mche chini, kunyoosha mgongo na kuelekea mlangoni.

Kisha fimbo ikagonga. Mia na arobaini na moja. Mia na arobaini na mbili. Laurean alihesabu hadi mia tatu na kumi na mbili, taratibu, kwa mwendo wa Generosa, ndipo akavaa kofia.